Shamba likizama: jinsi mimea inavyohisi ukosefu wa oksijeni, na nini mkulima wa Minago anaweza kufanya

Maji yakiingia shambani na kukaa, mihogo huanza kuoza ardhini ndani ya siku chache na majani ya maharage hugeuka manjano. Lakini mateke yaliyo hatua chache pembeni huendelea kutoa majani mapya. Udongo ni uleule na maji ni yaleyale. Tofauti ni kwamba baadhi ya mimea inaweza kuishi kwa oksijeni kidogo, na mingine haiwezi.

Wakazi wa Minago na mwambao wote wa Rumonge wanayajua mafuriko. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika nyumba na mashamba kuanzia Gatumba na Bujumbura hadi Rumonge. Mwaka 2024 lilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho halikuwa limekifikia tangu miaka ya 1960.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mmea uliozama na hatua ambazo familia inaweza kuchukua. Yanawahusu wenyeji, Warundi waliorejea kutoka Tanzania, na wakimbizi kutoka Kongo wanaolima mashamba ya kukodi au ya kushirikiana.

Kwa ufupi

- Mmea uliozama hufa zaidi kwa kukosa oksijeni kuliko kwa wingi wa maji.
- Mmea huhisi upungufu wa oksijeni na kubadilisha namna unavyoishi. Mabadiliko hayo huupa muda tu. Hayauokoi milele.
- Muda huo hutofautiana: maharage yana siku moja au mbili, mateke yanaweza kukaa majini kwa wiki nyingi.
- Kwa hiyo swali la kwanza la mkulima ni hili: maji haya yatakaa muda gani?
- Mihogo iliyovunwa kwa haraka ni lazima ilowekwe na kukaushwa kama kawaida. Kufupisha kazi hiyo kunaweza kusababisha ulemavu.

Mizizi nayo inapumua

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba mimea hutoa oksijeni. Ni kweli, lakini majani huitoa wakati wa mwanga tu. Mizizi iko gizani na haitengenezi oksijeni. Inaitumia, kama sisi tunavyoitumia, ili kupata nguvu kutoka kwenye sukari inayoshuka kutoka majanini.

Katika udongo wa kawaida, hewa hupita kwenye matundu madogo kati ya chembe za udongo. Maji yakijaza matundu hayo, mlango unafungwa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole karibu mara 10,000 kuliko hewani. Kiasi kidogo kilichobaki huliwa na mizizi yenyewe pamoja na vijidudu vya udongo, na katika joto la tambarare ya Imbo kinaweza kuisha ndani ya siku moja.

Mafuriko yenye matope huongeza tatizo. Mwanga haupiti vizuri, kwa hiyo hata majani yaliyofunikwa hushindwa kutengeneza chakula na oksijeni.

Udongo nao hubadilika. Vijidudu vinavyoishi bila oksijeni hubadilisha naitrojeni ya mbolea kuwa gesi inayopotea angani, na baadaye hutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ukichimba na kukuta udongo wa kijivu wenye harufu hiyo, fahamu kwamba mizizi iliyopo hapo haipati hewa.

Mmea unajuaje kwamba hewa imepungua?

Mmea hauna pua wala mapafu. Unatumia ishara mbili.

*Ishara ya kwanza ni gesi iitwayo etilini.* Kila mmea huitoa kidogo kidogo wakati wote. Anayetengeneza urwarwa anaijua kazi yake hata kama hajui jina: ndizi zikifukiwa shimoni na kufunikwa vizuri, gesi hii hukusanyika na ndizi huiva pamoja. Maji yanayouzunguka mzizi hufanya kazi kama kifuniko cha shimo hilo. Etilini hushindwa kutoka na hujikusanya ndani ya mmea. Kwa njia hiyo mmea hupata taarifa kwamba umezama, mara nyingi kabla oksijeni haijaisha kabisa.

*Ishara ya pili ni oksijeni yenyewe.* Ndani ya seli za mmea kuna kundi la protini zinazoweza kuwasha jeni za dharura. Wanasayansi huziita ERF za kundi la saba. Mmea hutengeneza protini hizi wakati wote, hata siku ambazo hakuna hatari. Lakini mwanzoni mwa kila protini kuna kipande kiitwacho sisteini. Oksijeni ikiwepo, kimeng'enya maalumu huitumia kubadilisha kipande hicho. Mabadiliko hayo ni alama ya kwamba protini ivunjwe, na seli huivunja kabla haijafanya kazi yake.

Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. Protini inabaki nzima, inaingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za dharura.

Fikiria tangazo la hatari linaloandikwa ubaoni kila baada ya dakika chache, na kila likiandikwa kuna mtu anayelifuta. Mtu huyo ni oksijeni. Siku asipofika, tangazo linabaki na kila anayepita analisoma. Ndiyo maana mmea huweza kuchukua hatua haraka: hauanzi kuandika tangazo baada ya hatari kufika.

Mfumo huu ulielezwa mwaka 2011 na makundi mawili ya watafiti waliotumia mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Mwili wa binadamu nao hutumia kanuni inayofanana: protini ambayo huvunjwa oksijeni ikiwepo, na hubaki oksijeni ikipungua. Kwa kugundua mfumo huo wa wanadamu na wanyama, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Tahadhari ikishawaka

Mmea unaokosa oksijeni huchukua hatua kadhaa, na kila hatua ina gharama yake.

*Hubadilisha namna ya kupata nguvu.* Bila oksijeni, seli huchachusha sukari na kutoa kileo, kama inavyotokea katika chombo cha pombe kilichofungwa. Njia hii hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu inayopatikana kwa kupumua. Akiba ya sukari huisha haraka, na ikiisha mzizi hufa.

*Hupunguza matumizi.* Ukuaji husimama, na mmea huacha kutengeneza vitu visivyo vya lazima.

*Hutengeneza njia za hewa.* Baadhi ya seli za mizizi hufa kwa mpango na kuacha mirija mitupu inayoleta hewa kutoka juu ya maji. Mmea unaweza pia kuotesha mizizi mipya kwenye shina, karibu na uso wa maji. Mahindi hujaribu kufanya hivyo, lakini mara nyingi huchelewa. Mpunga na mateke huwa na mirija hiyo tayari hata kabla ya mafuriko.

Mafunjo na matete ya kando ya ziwa ndiyo mabingwa wa kazi hii. Mashina ya matete hupitisha hewa hadi kwenye mizizi iliyo ndani ya tope, na hata mashina makavu yaliyosimama husaidia kama bomba. Ndiyo maana matete yakikatwa chini ya uso wa maji hufa: bomba limejazwa maji. Anayekata matete ya kuezekea ayakate juu ya maji. Mimea hii hupunguza nguvu ya mawimbi na kushikilia udongo. Kumbuka pia kwamba sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inaweka ukanda wa hifadhi wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika.

Mpunga: kukimbia au kusubiri

Mpunga unaonyesha vizuri kwamba hakuna jibu moja kwa kila mafuriko.

Katika mabonde ya mito mikubwa ya Asia, ambako maji hupanda polepole na kukaa miezi, kuna mpunga wa maji marefu. Ukizama, shina lake hurefuka haraka, wakati mwingine zaidi ya sentimita 20 kwa siku, hadi majani yatoke juu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walitambua jeni mbili zinazoongoza mbio hizo na kuziita Snorkel, jina la bomba la kupumulia la wazamiaji.

Kinyume chake ni mpunga wa zamani kutoka Odisha, India, unaojulikana kama FR13A. Ukizama haukimbii. Husimamisha ukuaji, hutunza sukari yake na kusubiri. Mwaka 2006 jeni inayohusika, Sub1A, ilitambuliwa na watafiti wa Marekani na wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, yenye makao yake Ufilipino. Protini ya jeni hii ni ndugu wa zile protini za tahadhari tulizozieleza, lakini haivunjwi kirahisi na oksijeni kama nyingine.

Wataalamu waliingiza Sub1 katika mbegu zinazopendwa na wakulima kwa kuzalisha mbegu kwa njia ya kawaida. Swarna-Sub1, iliyotolewa India mwaka 2009, huweza kuzama kabisa kwa takriban wiki mbili kisha ikaendelea kukua.

Kila mbinu inafaa mahali pake. Mpunga unaosubiri hufa maji yakikaa miezi miwili. Mpunga unaokimbia humaliza nguvu zake na kuanguka ikiwa maji yangeondoka baada ya siku tano.

Mafuriko ya mto na mafuriko ya ziwa si kitu kimoja

Minago iko kati ya milima ya Mumirwa na ziwa, kwa hiyo hupata aina zote mbili.

*Maji ya mlimani.* Mvua kubwa hushuka kwa mito na vijito, yakiwa na kasi na matope. Maji yanaweza kuondoka ndani ya saa chache au siku chache. Hapa mmea unaweza kuokolewa ikiwa maji yatatolewa shambani haraka.

*Maji ya ziwa.* Kwa kawaida ziwa hufikia kilele mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, na kuwa chini kabisa Oktoba au Novemba. Mto pekee unaotoka ziwani ni Lukuga, unaoanzia Kalemie nchini Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kuvukizwa na jua. Kwa hiyo ziwa likishaingia shambani linaweza kukaa miezi. Hakuna mfereji utakaolitoa, na muda wa mmea utaisha kabla ya maji kuondoka. Hapa jambo la maana ni kuvuna kinachovunika na kuhamisha mbegu.

Mazao ya mwambao yana muda gani?

Makadirio haya ni ya jumla. Joto kali, matope na umri mdogo wa mmea hupunguza muda.

- *Maharage:* siku moja au mbili za udongo uliojaa maji huanza kuleta hasara. Ni kati ya mazao dhaifu zaidi.
- *Mahindi machanga:* siku mbili hadi nne yakiwa yamezama, na pungufu ya hapo kukiwa na joto. Mahindi makubwa ambayo maji yamefunika mizizi tu huvumilia zaidi, lakini mavuno hupungua.
- *Mihogo:* mizizi huanza kuoza baada ya siku chache. Majani yanaweza kuonekana mazima wakati chini kumeharibika.
- *Viazi vitamu:* viazi huoza ardhini, lakini mashina yaliyo juu ya maji yanafaa kupandwa upya.
- *Migomba:* hudhoofika baada ya siku kadhaa za maji yaliyosimama.
- *Michikichi:* iliyokomaa huvumilia mafuriko ya muda, kwa kuwa mizizi yake ina vijitundu vya kupitishia hewa. Miche ni dhaifu.
- *Mpunga:* hupenda maji miguuni, lakini mbegu nyingi za kawaida hufa zikifunikwa kabisa kwa wiki moja au mbili.
- *Mateke:* huvumilia wiki nyingi ikiwa majani yako juu ya maji.

Nini ufanye

*Kabla ya mvua kubwa*

- Panda mihogo, viazi vitamu na maharage sehemu ya juu ya shamba, kwenye matuta marefu. Sehemu ya chini weka mateke au mpunga.
- Fungua mifereji mapema, na kubaliana na jirani wa chini maji yataelekea wapi. Mfereji unaomwaga maji katika shamba la mwingine huleta ugomvi, hasa pale wenye mashamba na wanaokodi hawajazoeana.
- Anayekodi shamba amuulize mwenye shamba na majirani maji yalifika wapi mwaka 2021 na 2024. Akumbuke jibu hilo kabla ya kulipa.
- Hifadhi mbegu na vipando mahali pa juu. Usiweke mbegu zote sehemu moja.

*Maji yakiwa shambani*

- Ikiwa ni maji ya mlimani, yatoe haraka. Hata kushusha maji hadi ncha za majani zitokeze huusaidia mmea kupata hewa.
- Ikiwa ni maji ya ziwa, vuna mihogo na viazi vilivyokomaa mara moja. Kata vipando kutoka kwenye mashina mazima yasiyo na ugonjwa wa majani, uvisimamishe kivulini.
- Usiweke mbolea majini. Itapotea, na pesa yako pamoja nayo.
- Usitembee ovyo katika udongo uliolowa. Kuukanyaga kunafunga matundu ya hewa yaliyobaki.

*Maji yakiondoka*

- Usishangae mimea ikinyauka wakati udongo bado umelowa. Mizizi iliyoumia haiwezi kunyonya maji ya kutosha kwa jua kali. Zaidi ya hayo, oksijeni inayorudi ghafla hutengeneza kemikali zinazoumiza seli. Mimea mingi hufa katika siku hizi.
- Ng'oa mche mmoja au miwili uangalie. Mizizi myeupe na migumu iko hai. Mizizi ya kahawia, laini na yenye harufu imekufa.
- Subiri siku tatu hadi tano uone kama jani jipya linatoka kabla ya kuamua kung'oa shamba zima.
- Udongo ukishakauka kiasi, ulegeze juu kwa jembe ili hewa iingie. Ndipo uweke mbolea kidogo.
- Usipande upya mahali ambapo udongo bado ni wa kijivu na unanuka.
- Mboga zilizoguswa na mafuriko, kama lengalenga, zioshwe kwa maji safi na zipikwe vizuri. Maji ya mafuriko hupita kwenye vyoo, na kipindupindu si kigeni katika mwambao huu.

Tahadhari: mihogo iliyovunwa kwa haraka

Mafuriko yanapofika, familia huvuna mihogo mingi kwa siku moja huku chakula kingine kikiwa kimepotea. Hapo ndipo watu hushawishika kufupisha kazi ya kuiandaa.

Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sumu ya sayanaidi. Kuloweka kwa siku tatu au zaidi hadi ilainike, kisha kuianika juani hadi ikauke, huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kuchemsha peke yake hakutoshi. Watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri kwa wiki kadhaa, bila vyakula vya protini kama maharage au ndagala, wanaweza kupata konzo: miguu hupooza ghafla, na ulemavu huo haponi mtu. Ugonjwa huu umetokea Kongo, Tanzania, Msumbiji na kwingineko, hasa nyakati za njaa na misukosuko. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Tumia maji safi kuloweka, wala si maji ya mafuriko. Mihogo iliyooza ardhini, yenye rangi nyeusi na harufu mbaya, itupwe. Usiipe mifugo. Ukiona mtu amepata kizunguzungu, kutapika au udhaifu wa ghafla wa miguu baada ya kula mihogo, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Wapi pa kuuliza

Ofisi ya kilimo ya tarafa yako inaweza kukueleza mbegu zinazopatikana msimu huu na sehemu za mwambao zinazoruhusiwa kulimwa. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, ISABU, ndiyo yenye jukumu la kupima mbegu za mpunga, mihogo na mazao mengine nchini. Uliza hasa kuhusu mpunga unaovumilia kuzama, na useme kama shamba lako hufikiwa na maji ya mto au ya ziwa. Mkimbizi anayetaka kulima aanze na kamati ya wakimbizi ya mahali alipo, ili makubaliano ya shamba yaandikwe na kushuhudiwa.

Ukienda, beba mmea mmoja na mizizi yake, na bonge la udongo kutoka mahali ulipong'oa. Afisa kilimo ataona mengi hapo kuliko katika maelezo ya mdomo.